Mkate Ambao Ralph Hakuula

Mume wangu, Simeon Kearton, alipoanguka kutoka dari ya zizi akafa, Bi Mally Peacock aliniomba ufunguo wa mlango wa mbele, akazunguka nao nyumba zote za upande wetu wa bonde. Kwetu mwalikaji wa msiba alikuwa hapigi hodi kwa mkono. Aligonga kwa ufunguo wa nyumba yenye maiti, na aliye ndani akisikia chuma kwenye ubao alijua kabla hajafungua. Kila mlango Bi Mally alisema maneno yaleyale: "Mnaitwa arval kwa Simeon Kearton, mtu mmoja kwa kila nyumba." Halafu aliongeza ya kwake, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufunga mdomo: "Na mje na njaa. Tamar ametia zabibu kama hana akili nzuri."

Tamar ni mimi.

Siku hizi ukilitamka neno hilo, arval, mbele ya vijana wanakutazama kana kwamba umepiga chafya. Wakati ule kila mtu alikuwa nalo mdomoni, ingawa kila mtu alikuwa na maana yake. Kwa watoto lilikuwa mkate wenyewe, ule mdogo wa duara wenye kungumanga na zabibu kavu, anaopewa kila aliyekuja kuzika. Kwa wanaume lilikuwa shughuli nzima, tangu kuinua jeneza hadi kikombe cha mwisho. Kwa Bi Mally lilikuwa kitu kingine, na alinieleza asubuhi ile tukikanda unga, Simeon amelazwa kwenye meza ya chumba cha pili.

"Unajua kwa nini unaoka," akaniuliza, "au unaoka tu?"

"Ili watu wapate kula, Bi Mally."

"Wapate kula! Hata nguruwe wanakula." Akanipokonya unga maana niliukanda vibaya. "Sikiliza. Arval haikuwa mkate. Ilikuwa bia. Bia ya mrithi. Bibi yangu alinieleza, naye alielezwa. Wale watu wa zamani waliotoka ng'ambo ya bahari ya kaskazini, kabla Uingereza haijawa na mfalme mmoja, baba akifa mtoto haruhusiwi kukalia kiti chake. Anakaa kwenye ngazi, chini, kama mgeni. Anapika bia, anaita majirani. Majirani wanamtazama maiti kwanza. Hana kisu mgongoni? Hana alama ya kamba? Haya. Wakinywa, wamesema: huyu amekufa kifo chake, na hawa wa ndani mikono yao ni safi. Ndipo mrithi anapanda kwenye kiti."

"Na mmoja asipokunywa?"

"Asipokunywa, amesema pia."

Nikauliza imekuwaje basi leo tunaoka mkate. Bi Mally akacheka. Yeye alikuwa wa kanisa kubwa la parokia, alipopenda kwenda. "Ninyi Wamethodisti si mlimwaga bia yote mkabaki na kitafunio! Neno lina bia ndani yake, na mmelikausha. Lakini la kuapa limebaki. Mtu anavunja kipande, anakila mbele ya maiti. Kilichobaki anapeleka nyumbani kwa wagonjwa na watoto. Wazee wote wanajua. Na usimfunge Simeon kitambaa kichwani. Waache waone."

Nilijua kwa nini alinieleza. Wiki chache kabla, nje ya kanisa letu, Ralph, mdogo wake Simeon, alikuwa ameomba kondoo wake walishwe kwenye malisho yetu ya juu. Simeon alikuwa na moyo laini, alishaanza kukubali kwa kichwa. Mimi nikasema kwa sauti, watu wakisikia, "Wewe Simeon, mpe Ralph malisho yale uone nitakachokufanya." Watu walicheka. Ralph hakucheka. Kisha Simeon akateleza kwenye ngazi akishusha nyasi kavu, akapiga kichwa kwenye jiwe la kutenganisha ng'ombe, na zizini hapakuwa na mtu mwingine ila mimi, nimekaa upande wa pili wa ng'ombe nikikamua. Nilisikia kishindo. Nilipozunguka alikuwa amekwisha kukata roho.

Kwa hiyo nilikuwa nataka jambo moja tu siku ile, na nilimwomba Mungu nikiwa nimepiga magoti penye majivu: Ralph ale mkate ule. Akila Ralph, hakuna atakayekuwa na la kusema juu yangu katika bonde lile. Nyumba ningeweza kuipoteza, mifugo vilevile. Jina langu ndilo nililolitaka.

Wakaja. Mmoja mmoja walipita mezani, wakagusa paji la uso la Simeon kama ilivyo desturi, ili asiwajie ndotoni. Wazee waliinama wakalitazama jeraha. Jossy Raw, wakati ule mtu wa makamo aliyekuwa akisikia sikio moja tu, alilitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi, kisha akaenda mlangoni. Pale mlangoni Bi Mally alisimama na sinia, na mikate imefungwa karatasi nyeupe, kila mmoja na tone la lakiri nyeusi, ile nta ya kufungia barua. Jossy akavunja lakiri, akamega kipande, akatafuna mbele ya wote. Nikashusha pumzi. Wakafuata wengine, wakala.

Halafu akaja Ralph. Alikuwa kijana wa sura nzuri wakati ule, koti lake la msiba limembana mabegani. Alichukua mkate wake, akaugeuza, akautia mfukoni kama ulivyo, na lakiri yake.

"Mega kipande, Ralph," Bi Mally akasema.

"Nitakula nyumbani."

"Mega hapa."

"Meno yananiuma, Bi Mally."

"Hayo meno jana sokoni yalikuwa yanatafuna mbavu za kondoo, nimekuona kwa macho yangu." Mtu mmoja akacheka nyuma, akajikatiza.

"Ni ndugu yangu amelala pale," Ralph akasema, polepole, macho yake hayako kwa Bi Mally, yako kwangu. "Kitu hakipiti kooni. Utanisamehe, shemeji." Akapapasa mfuko, akatoka nje.

Mchungaji wetu, mgeni aliyetumwa kutoka mjini, alidhani nalia kwa sababu ya Simeon, akanishika bega. "Ni mkate tu, dada Tamar. Atakula baadaye." Lakini mimi nilikuwa natazama mstari. Waliokuwa nyuma ya Ralph, mke wa mwashi, wale ndugu wawili wa mgodini, mtu wa kinu, kila mmoja alichukua mkate wake, akasita nao mkononi, akautia mfukoni bila kuufungua. Wote. Bi Mally aliwaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyerudi.

Nataka ieleweke kwamba hakuna mtu aliyenishtaki. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Laiti angesimama mtu akasema, ningeita askari mwenyewe, ningeapa kwa Biblia mbele ya hakimu. Nani atakwenda kwa hakimu kulalamika kwamba mtu hakula mkate?

Wakati wa kunyoa kondoo nilipanda kwa Ralph. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kunyolea, kondoo jike miguuni, mkasi mkononi.

"Shemeji," nikamwambia, "ulikula?"

"Nilikula nini?"

"Unajua."

Akaendelea kunyoa. "Tamar, mimi nimesema neno? Niambie neno moja nililolisema juu yako. Kwa mtu yeyote."

"Hujasema."

"Basi."

"Basi sema. Sema unadhani nilimsukuma. Nisimame nikujibu."

"Sijasema lolote," akasema, na kondoo alipopiga teke, akamshika shingo. "Na wewe usinitie maneno kinywani. Unanichafulia sufu, sogea."

Mwaka uliofuata, mikataba ya mashamba ilipobadilishwa mwishoni mwa Machi, msimamizi wa mwenye ardhi tuliyekuwa tukimlipa kodi alimpa Ralph shamba letu na nyumba yake. Aliniambia kwa adabu kwamba mjane peke yake hawezi malisho ya mlimani. Pengine alimaanisha hivyohivyo. Nilihamia chumba kimoja karibu na kanisa nikawa nafuma soksi kama wanawake wengi wa bonde. Siagi yangu hakuna aliyeinunua tena, lakini soksi zilipelekwa mbali, kwa watu wasionijua. Zamani, mtu akifa, mimi nilikuwa wa kwanza kuitwa kumwosha. Sikuitwa tena. Kanisani nilikaa kwenye benchi letu la Wakearton, na benchi lile linatosha watu sita. Nilikaa peke yangu tangu nywele nyeusi hadi nyeupe. Walinisalimu. Walinipa mkono mlangoni. Hakuna aliyekaa.

Nilisali kwa ajili ya Ralph kila asubuhi. Nasema hivi kwa sababu ni kweli. Sijasema nilisali vizuri.

Neno lile nalo likaanza kuzeeka pamoja na mimi. Bi Mally alipokufa, mikate yake haikuokwa nyumbani. Mwanawe alinunua biskuti dukani mjini, zimechapwa msalaba, na karatasi yake ina jina la duka. Watu waliita biskuti hizo arval bado, lakini hakuna aliyeweza kumega kitu chembamba hivyo mbele ya maiti bila kujichekesha, kwa hiyo kila mtu alizipeleka nyumbani. Kwa hiyo lililokuwa tusi mlangoni kwangu likawa ndiyo adabu. Kisha akaja mwalimu wa shule, binti wa kusini, akawaambia watoto kwamba hilo si neno, ni lugha ya mazizini, waseme chai ya msiba. Watoto wakasema chai ya msiba. Wazazi wao nao wakaona aibu, wakasema chai ya msiba. Ufunguo ukabaki mlangoni, na habari za kifo zikawa zinakuja kwa posta, kadi yenye ukingo mweusi.

Mara moja alikuja bwana mmoja mwenye kofia ya sufu, anakusanya maneno ya Kiingereza yanayokufa. Walimleta kwangu kwa kuwa nilikuwa mzee na sina kazi. Jirani yangu, mama kijana, alisimama mlangoni kusikiliza.

"Nimeambiwa zamani mlikuwa na neno arval," bwana akasema. "Lilimaanisha nini, mama?"

"Pudingi!" jirani akadakia. "Si pudingi, bibi? Marehemu mama alikuwa akisema pudingi ya arval."

Nilimwambia bwana yule bia ya mrithi. Nikamwambia mkate. Akafurahi sana, akasema ni neno zuri, ni hasara kubwa kupotea. Akauliza kama kuna zaidi. Nikamwambia chai yake inapoa.

Ralph akafa mwaka wa tatu wa karne hii mpya, kitandani, mzee, kazungukwa na wajukuu. Kadi ikaja. Jina langu limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mjukuu wake, Elsie, msichana mwenye huruma anayenisalimia barabarani kila akipita na baiskeli yake, asiyejua kwa nini babu yake hakuwahi kunisalimia.

Nilikaa na kadi ile mapajani siku nzima. Nilimwomba Mungu aniondolee kwenda. Hakuniondolea, au mimi sikutaka kusikia. Nilijua nitakachofanya kabla sijavaa shali. Ningeingia kwenye nyumba ile, nyumba yangu, ningepita mezani, ningetazama uso wake, na pale mlangoni aliposimama yeye ningesimama mimi. Ningekataa kula, na wazee wangeona. Angalau mara moja ingesemwa kwa namna ileile iliyosemwa juu yangu, na aliyeambiwa asiweze kujibu.

Jeneza lilikuwa limefungwa. Hilo la kwanza. Hawaachi wazi siku hizi. Watu walikuwa wamekaa, si wamesimama, kwenye viti vya kukodi kutoka kanisani, na mezani pana nyama ya nguruwe ya kuchemsha, kachumbari ya siki, keki ya mbegu na birika mbili kubwa. Elsie alikuwa anapitisha sahani.

"Karibu, bibi Tamar! Kaa hapa karibu na moto. Nikukatie keki?"

Nikasimama. Sikukaa. Nilikwenda nikasimama mlangoni, palepale, kwenye jiwe lililolika katikati.

"Sili," nikasema kwa sauti.

"Si lazima, bibi. Chai basi?"

"Nimesema sili. Sili chakula cha msiba wa Ralph Kearton, mbele ya maiti wake."

Watu wakageuka. Nilisubiri. Nilikuwa nimesubiri tangu nywele nyeusi, nikaona naweza kusubiri kidogo tena. Mtoto wa kiume wa Ralph, mtu mnene sasa, baba wa Elsie, akanitazama kwa huruma, akamwambia binti yake, si kwa siri sana, "Mpe kitu laini, hana meno yule. Halafu ni mbali kwake, asitembee na tumbo tupu." Wanawake wawili wakasogea kunipa nafasi. Mmoja akasema, "Maskini, walikuwa mashemeji, ameumia." Nikatazama chumba kizima nikitafuta uso mmoja. Jossy Raw alikuwa hai bado, ameketi kwenye pembe ya moto, sasa kiziwi masikio yote mawili. Aliyemega mbele ya Simeon. Nikamkazia macho. Naye akanitazama, akanitazama kwa muda, na moyo wangu ukainuka.

"Tamar," akapaza sauti, "nipitishie hiyo haradali, mwanangu, iko karibu yako."

Nikampitishia.

Elsie alinifuata mlangoni na keki, ameifunga kwenye kitambaa cha meza. "Utakula nyumbani, bibi," akasema, akaniwekea kikapuni. Kisha akacheka kidogo, machozi yakiwa bado kwenye kope. "Wewe ni kama babu tu. Naye alikuwa na mkate wake aliokuwa hauli. Ulikuwa kwenye bati juu ya kabati, umefungwa karatasi iliyogeuka manjano. Tukiwa watoto alikuwa anatuchapa tukigusa. Wakati mwingine anaushusha, anakaa nao tu, anaurudisha. Ulikuwa wa msiba wa kaka yake, alisema. Ni kweli?"

Nilishika mwimo wa mlango. "Uko wapi?"

"Nini?"

"Mkate, mtoto. Uko wapi?"

"Ah, tumesafisha wiki hii kwa ajili ya wageni. Panya walishafika. Baba aliutupa kwenye moto pamoja na takataka nyingine."

"Ulikuwa na lakiri? Nyeusi, juu ya karatasi. Ilikuwa nzima au imevunjwa?"

"Sijui, bibi."

"Ulikuwa umemegwa? Pembeni. Hata kidogo. Hata kwa jino."

Elsie akanitazama kama wanavyonitazama nikitaja neno lile. Akanishika mkono. "Bibi Tamar, ulikuwa jiwe. Nani angetazama?"

Nilitembea nyumbani kwa barabara ya chini, ukuta wa mawe upande huu, mto upande ule. Baba yake Elsie alitaka kunipeleka kwa gari la farasi, nikakataa. Huenda usiku mmoja, baada ya mke wake kulala, Ralph alivunja lakiri akamega chembe, akaimeza, akaona aibu kusema. Huenda hakumega kamwe, na alikuwa akiushusha ili asisahau kunichukia. Mtu hachapi wajukuu kwa ajili ya kitu kisicho na maana. Lakini ni maana ipi, mimi nitamuuliza nani? Neno lenyewe limekwisha, na waliokuwa wanalisoma machoni pa mtu wamekufa au wanaomba haradali.

Keki ya Elsie iko kwenye rafu. Nimeshindwa kuila, na nimeshindwa kuwapa kuku wa jirani. Kitambaa nilikifua nikakirudisha. Asubuhi nasali kama kawaida, na nikifika pale tunapoomba tusamehewe kama tunavyosamehe, naitazama rafu, kisha naendelea na maneno mengine.